Usiku Mmoja wa Jalidi

3 Mei

Mgeni anaandika. Amefika juzi, na tangu ashushe mzigo wake hajaweka kalamu chini. Nikipika, anaandika. Nikimgombeza mbwa, anaandika. Asubuhi nilikuwa nawatupia simbilisi majani pale jikoni akaniuliza, "Mama Saturnina, hawa wana majina?" Nikamwambia, "Wanayo. Huyu Jumapili, yule mnene Harusi." Akaandika! Hakujua kwamba ni siku zao za kuliwa.

Basi nimeshuka dukani nikanunua daftari langu. Akituandika sisi, nami nitamwandika yeye. Nilisoma mpaka darasa la tatu tu, lakini macho ninayo.

Anaitwa Fiorella. Ametoka Lima, mji wa pwani ambako nasikia mvua hainyeshi mwaka mzima na watu wanaishi tu. Anasoma chuo, habari za vyakula vya zamani, na atakaa nasi hapa Huayllapata mpaka mwanzo wa Agosti. Mkutano wa jumuiya umemleta kwangu kwa kuwa nina chumba kitupu. Kila mtu anajua kwa nini ni kitupu. Watoto Mungu hakutujalia, na Nazario wangu nilimzika mwaka jana.

Niandike na langu, maana ndilo linaloninyima usingizi. Tarehe moja Agosti jumuiya nzima inasafisha mfereji wa maji, kaya sitini na mbili, na mwaka huu zamu ya kuwalisha ilikuwa ya Nazario. Shemeji yangu Melitón, mdogo wake marehemu, alisimama mkutanoni akasema kwa sauti ya upole, kama mbweha aliyefika msibani, "Mjane peke yake ataweza wapi? Nipeni mimi zamu ya kaka." Zamu ikienda kwake, jina la nyumba linaenda kwake, na mimi nitakaa nyuma na watoto, sina neno mkutanoni mpaka nife. Nikasimama. Nikasema, "Nitalisha mimi." Mwenyekiti akaandika.

Na chakula cha siku ya mfereji ni chunyo, viazi vilivyogandishwa na kukaushwa, chunyo cha mwaka huohuo. Akiba yangu yote ya zamani niliimaliza kulisha waombolezaji. Kwa hiyo nategemea vitu viwili: viazi vichungu vilivyoko shambani, na jalidi ya Juni, baridi ya usiku inayogandisha kila kitu mpaka ardhi inaota weupe. Viazi vile hata ukivichemsha siku nzima vinaunguza ulimi. Baridi ndiyo inayovigeuza kuwa chakula. Vikilala nje usiku tatu ya jalidi kali mfululizo, tunavikanyaga maji yatoke, tunavianika, basi. Jalidi isipokuja sina cha kumpa mtu.

9 Mei

Tumeanza kuvuna. Wamekuja kina mama sita kwa ayni, leo kwangu kesho kwako: kila aliyenitolea siku yake nami nitamtolea yangu. Jirani yangu Gumercinda amekuja wa kwanza, kama kawaida yake, na mdomo wake pia umekuja.

Wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Fiorella mwenyewe kaliomba. Mungu wangu! Kila akipiga jembe kiazi kinapasuka, na kila kikipasuka anakiomba radhi. "Samahani, samahani." Gumercinda akauliza, "Saturnina, mgeni wako anavuna au anachinja?" Tulicheka mpaka tukakaa chini. Naye akacheka, akiwa ameshika nusu kiazi kila mkono.

Melitón alipita na lama wake wa mizigo akasimama. "Shemeji, huyu ndiye kibarua wako wa Agosti?" Nikamjibu, "Ndiye. Wewe ulileta nani?" Akaenda zake.

10 Mei

Mgongo.

14 Mei

Mvua kidogo jioni. Mei na mvua wapi na wapi?

22 Mei

Tumemaliza. Magunia tisa ya viazi vichungu. Si haba, lakini si mengi.

Mgeni ananichosha. Anauliza jambo lililo mbele ya macho yake. "Mama, kwa nini mnatandika majani kabla ya viazi?" Ili visikae kwenye matope, mwanangu, kwani kwenu mnalala kwenye matope? "Mama, kwa nini unamwaga pombe chini kabla hujanywa?" Ardhi haioni kiu? Leo akaniuliza Nazario alikuwa mtu wa namna gani. Nikampa maharage achambue.

2 Juni

Tumetandaza viazi uwanjani. Ni pale tambarare nje ya kijiji panaposhukia baridi, ambapo kila nyumba ina eneo lake tangu enzi za mababu. La kwetu limepakana na la Melitón, jiwe moja tu katikati. Yeye ametandaza magunia sita. Pembeni tumerundika majani makavu na maturubai, maana adui wa chunyo ni theluji. Theluji ikivilalia viazi ikayeyuka, vinalowa, vinageuka vyeusi na kunuka.

Nikamwambia Fiorella, "Sikiliza vizuri. Ukiona nyeupe imelala juu ya viazi, hiyo ni theluji. Usiulize, usiningoje. Funika upesi." Akaandika. Nilimwona kwa macho yangu akiandika.

5 Juni

Mawingu. Mawingu yakitanda usiku hakuna jalidi.

6 Juni

Mawingu.

8 Juni

Mawingu. Melitón amepita anapiga mluzi. Viazi vyake navyo vimelala palepale bila jalidi, lakini yeye hana watu wa kulisha.

11 Juni

Leo nimemwona mgeni kwa jicho jingine kidogo. Tulikuwa tunamenya viazi vya supu. Akakichukua kimoja, akakinusa upande wa kitovu, akakiweka kando. Nikakinusa. Kweli kilikuwa kimeanza kuoza ndani, na kwa nje kizima kabisa.

Nikamuuliza, "Nani amekufundisha hivyo?"

"Bibi yangu. Alikuwa anauza chakula Lima, kando ya barabara. Kila kiazi alikuwa anakinusa kwanza."

"Bibi yako wa wapi?"

"Hakusema kamwe. Alisema yeye ni wa Lima. Lakini akipiga mahesabu alikuwa anahesabu kwa lugha yenu, kwa sauti ndogo. Watu walikuwa wanamcheka akiongea, Mama, sokoni, kwenye basi. Kwa hiyo akaacha kuongea. Amefariki nami sijui hata jina la kijiji chake."

Kumbe ndiyo sababu anauliza kila kitu. Nikamwambia, "Anayenusa kiazi kitovuni ni wa huku juu. Hilo huna haja ya kumuuliza mtu." Akainamisha uso kwenye beseni la maganda, nami nikajifanya nachochea moto.

15 Juni

Alfajiri jalidi ya kwanza, nyepesi, imevigusa viazi tu, ikayeyuka mgeni akiwa bado amelala. Lakini mbingu imesafika, upepo umetulia, na mlima umejivua mawingu mpaka shingoni. Jalidi yenyewe inakuja.

Na mimi lazima nishuke bondeni leo, nikabadilishe sufu kwa mahindi ya pombe ya Agosti. Wenye mahindi wanashuka sokoni kesho, nikikosa hii nimekosa mwaka. Gumercinda yuko kwa binti yake aliyejifungua. Mgeni amesema, "Nenda, Mama, nitalinda mimi." Nimewaza sana. Lakini kazi ya kulinda kitu kinachojiganda chenyewe ni ipi? Kumfukuza mbwa tu. Nimeondoka na lama wanne.

18 Juni

Sijui nianzie wapi. Nina hasira, na si hasira peke yake.

Jana nilipokuwa napanda kutoka bondeni na mahindi yangu, kila niliyekutana naye alikuwa na furaha. Jalidi ya usiku wa kuamkia jana haijawahi kuonekana miaka mitano! Maji ya ndoo yaliganda mpaka chini. Nikasema asante Mama Ardhi, asante mzee Mlima, nikawamwagia tone, nikaongeza mwendo. Nilifika uwanjani saa sita mchana, jua kali.

Maeneo yote yalikuwa na viazi vigumu kama mawe, vinametameta. Langu lilikuwa limefunikwa. Majani yote, maturubai yote, magunia matupu, mablanketi ya kitandani kwangu, blanketi la kitandani kwake. Na la Melitón nalo, mpaka mwisho, nadhifu kama kitanda cha bibi harusi. Fiorella alikuwa amekaa juu ya lile jiwe la mpakani, midomo imepasuka kwa baridi, mikono imechanwachanwa na majani makavu, anatabasamu.

"Mama! Theluji ilianza jana mara tu giza lilipoingia! Lakini niliwahi. Nimefunika vyote, na vya shemeji pia, nikaona ni dhambi kuviacha."

Nikafunua. Chini ya turubai kulikuwa na joto la mvuke. Viazi vilikuwa laini, vimelowa, vinatoa jasho. Ile jalidi nyepesi ya kwanza ilikuwa imevivunja ngozi, kisha usiku wa baridi kuu vikalala chini ya blanketi, na jua la asubuhi likavipika.

Nilimwambia maneno, sitayaandika yote. Nilimwambia angebaki kwao Lima akaandike samaki. Nilimwambia amenizika mimi na Nazario mara ya pili. Yeye hakuelewa. Alisimama tu akisema, "Lakini ilikuwa nyeupe, Mama. Ilikuwa nyeupe, imelala juu ya viazi." Melitón akaja, akafunua upande wake, na kwa yale aliyoyasema yeye, afadhali yangu.

Jioni mgeni alikuja jikoni na daftari lake. Hakulia, hakujitetea. Akanifungulia ukurasa wa tarehe mbili Juni. Nikausoma kwa shida, maana mwandiko wake ni wa chuo. *Ukiona nyeupe imelala juu ya viazi, hiyo ni theluji. Usiulize, usiningoje. Funika upesi.* Maneno yangu, neno kwa neno.

Huyu mtoto hajawahi kuona theluji. Wala jalidi. Kwao hakuna hata mvua. Nilimwambia nyeupe ni theluji, na kweli usiku ule dunia nzima ilikuwa nyeupe. Sikumwambia kwamba kuna nyeupe mbili, moja inayoua chunyo na moja inayokizaa, kwa sababu nani asiyejua? Hata mbwa anajua. Muda wote huu nilikuwa naona maswali yake ni ya kijinga, na swali moja lililokuwa na maana nilikuwa nimemkataza asiulize.

Ametoa hata blanketi lake mwenyewe. Usiku ule wa kuua ng'ombe.

19 Juni

Mawingu yamerudi. Nimetoa magunia manne yaliyooza, nikayamwaga. Yamebaki matano, na hayo nayo yanangoja jalidi.

21 Juni

Mkutano wa jumuiya. Watu walijaa kuliko siku ya uchaguzi, maana habari ya mtu aliyefunika viazi kwa blanketi ilikuwa imefika mpaka vijiji vya ng'ambo. Wengine walikuwa wanacheka waziwazi. "Hakuviimbia vilale?" Fiorella alikaa mlangoni, kichwa chini.

Melitón alisimama. "Mimi sicheki. Magunia yangu mawili yameoza. Huyu msichana aondoke kesho. Na huyu shemeji yangu aliyeshindwa kulinda viazi tisa, atalishaje kaya sitini na mbili?"

"Magunia tisa," nikasema. "Viazi tisa ni vya kwako."

Watu wakacheka, mwenyekiti akapiga meza. "Mama Saturnina, mgeni wako amekosa. Unasemaje?"

Nilikuwa nimekwisha kulipanga jibu toka nyumbani. Lilikuwa jepesi: mgeni ndiye aliyekosa, mgeni aondoke, na zamu yangu ibaki kwangu, kwa sababu mimi nilikuwa safarini kutafuta mahindi ya watu. Hata Melitón asingelijibu. Nikamtazama yule mtoto pale mlangoni. Watu walikuwa wanamcheka, naye alikuwa ameacha kuongea. Nikamkumbuka bibi yake ambaye sikumjua.

Nikasema, "Aliyekosa ni mimi. Nilimwambia afunike nyeupe. Akaiona nyeupe, akafunika. Sikumwonyesha theluji ni ipi na jalidi ni ipi. Mlitaka aote ndotoni? Ninyi mliposhuka Lima mara ya kwanza, nani kati yenu alijua kuvuka barabara? Melitón, wewe si ulikaa siku nzima upande mmoja ukingoja magari yaishe?"

Hapo kicheko kiligeuka upande. Melitón akawa mwekundu. Lakini si mtu wa kushindwa hivihivi. "Sawa," akasema. "Kama kosa ni lako, basi una deni. Umeniharibia usiku mmoja wa jalidi. Sitaki pole. Nataka ayni. Nirudishie usiku wangu."

Ayni ni siku kwa siku, jembe kwa jembe. Usiku wa jalidi mtu anaurudishaje?

Nikasema, "Nitakurudishia."

Mwenyekiti akaandika, akaongeza, "Na tarehe moja Agosti tutatazama sufuria. Chakula kikipungua, zamu inakwenda kwa Melitón, na maneno yaishe hapo."

23 Juni

Mahali pa kuupata usiku nimepakumbuka. Juu kabisa, kwenye pito la mlima, njia inapovukia ng'ambo, ambapo baba yangu alikuwa akipeleka viazi miaka ya mawingu. Kule hata mawingu yakiwa chini yako, baridi haikosi. Nimeazima lama kumi na wawili kwa Gumercinda. "Wewe umerukwa na akili," akanambia, huku anawafunga kamba. "Na huyo wa pwani atakufia njiani." Tunachukua magunia yangu matano na manne ya Melitón. Yeye ametukabidhi bila salamu.

24 Juni

Tumefika. Kibanda cha mawe cha wachungaji, paa nusu. Mgeni ametapika mara tatu, kichwa kinampasuka. Nimemtafunisha majani ya koka, dawa yetu ya hewa nyembamba ya huku juu, nikamwambia apumzike. Akasema, "Tutandaze kwanza." Tukatandaza mpaka jua likazama.

25 Juni

Jalidi! Kali! Alfajiri nikamtoa nje kwa mkono, nikampigisha magoti. "Tazama. Gusa. Theluji huanguka kutoka juu, inafunika jiwe na majani sawasawa. Jalidi haianguki. Inaota. Tazama ilivyo na meno kwenye kila jani." Akatazama kwa muda mrefu, mpaka pua ikagusa ardhi. Hakuwa na daftari mkononi. Mara ya kwanza.

27 Juni

Jalidi. Mchana namweleza habari za Nazario. Sijui imekuwaje. Nimemwambia alivyokuwa anaimba vibaya, na alivyokuwa anadhani anaimba vizuri.

28 Juni

Niandike hili kabla halijapoa. Kabla hakujapambazuka nilikuwa nimelala fofofo, miaka hamsini na nne imenilalia mgongoni. Nikasikia anapiga kelele nje: "Mama! Mama Saturnina! Hii inaanguka! Hii ndiyo yenyewe, inaanguka!"

Nikatoka na soksi. Theluji kweli, vipande vinene, kimya. Alikuwa tayari amefunika nusu ya uwanja. Na nusu ile aliyoifunika kwanza ilikuwa ya Melitón. Nikamuuliza kwa nini hakuanza na ya kwetu. Akasema, "Si ndiyo ya deni?"

Tulimaliza tukiwa tumelowa chapachapa. Jua lilipotoka tukafunua haraka, hata kiazi kimoja hakikulowa. Nikamkumbatia. Mimi si mtu wa kukumbatia watu.

30 Juni

Usiku wa sita. Viazi vimekuwa mawe mpaka moyoni. Inatosha, hata kwa yule.

3 Julai

Kukanyaga. Miguu mitupu juu ya viazi vilivyoanza kuyeyuka, maji yanaruka, baridi inapanda mpaka kwenye meno. Mgeni anakanyaga kama anacheza ngoma. Gumercinda ametazama weee, kisha akasema, "Huyu hachinji tena." Kwake hiyo ni sifa kubwa.

Nimempelekea Melitón vya kwake. Akachukua kimoja, akakivunja, akakinusa. Kisha akafunga mlango.

20 Julai

Chunyo kimekauka. Nimekipima mara mbili, kisha mara ya tatu nikitumaini nimekosea. Magunia matano mabichi yametoa gunia moja, na kidogo cha kuzibia tundu. Wenye kaya sitini na mbili, na wake zao na watoto wao wanahitaji karibu mawili. Usiku huu nimemwambia mgeni kwamba supu ya siku ya mfereji tutaiongeza maji. Akasema atakula yeye wa mwisho. Nikamwambia wa mwisho hatakuta kitu.

31 Julai

Pombe iko tayari. Harusi na Jumapili tumewachinja, na ndugu zao. Mgeni amesaidia, na ameandika majina yao upya.

Naogopa. Naandika hivi kwa sababu kusema siwezi.

1 Agosti

Alfajiri tuliweka sufuria nne kubwa kando ya mfereji, Gumercinda, Fiorella na mimi. Nilimwaga chunyo changu chote. Sufuria mbili zikajaa vizuri. Ya tatu nusu. Ya nne maji, chumvi na aibu. Kule juu vijana walikuwa wameshaanza kushuka na sepeto zao, wanapiga tarumbeta za pembe. Gumercinda akaninong'oneza niongeze majani ya kunukia, watu wakishiba harufu hawatazami chini. Nikaongeza kuni.

Ndipo nikamwona Melitón anakuja na punda. Nikajua amekuja kutazama sufuria kabla ya mwenyekiti. Akafika, akachungulia ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kwenye ya nne akakaa akitazama maji yanavyochemka.

"Shemeji," akasema.

"Sema upesi, nina kazi."

"Nilidai usiku mmoja. Ninyi mmenilindia sita." Akashusha gunia kutoka kwa punda, na uso ameukunja kama mtu anayemeza dawa. "Na theluji mmeniondolea. Huyu wa Lima alimwambia Gumercinda, Gumercinda ameuambia ulimwengu. Kwamba alianza na vya kwangu."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nini? Mimi nidaiwe usiku tano na mjane? Watoto wangu watakosa mahali pa kuoa! Fungua sufuria."

Nikasema, "Melitón, ukimwaga hicho zamu hutaipata."

"Kwani mimi sijui kuhesabu?" Akakata kamba, akamwaga. Chunyo chake kilikuwa cheupe, kizuri, chote cha kule kwenye pito. Kisha akasema polepole, anatazama mvuke, "Kaka angenitokea usingizini." Na pua yake, aisee, ni pua ya Nazario ileile. Mwaka mzima nilikuwa sijaiona. Nikashindwa kuzuia machozi, nikasema ni moshi, naye akasema, ndiyo, moshi leo ni mwingi.

Watu walikula wakarudia. Mwenyekiti alipita na mwiko, akakoroga sufuria zote nne mpaka chini. Kisha akafungua kitabu cha jumuiya, akauliza, "Tuandike nyumba ya marehemu Nazario?" Kabla sijafungua mdomo, Melitón akasema, mdomo umejaa, "Marehemu amepika? Andika Saturnina Wallpa."

Limeandikwa. Nimeliona.

4 Agosti

Amekwenda. Gari la maziwa limemchukua saa tatu.

Jana jioni aliniuliza, "Mama, ulisimama kwa ajili yangu mkutanoni. Nakulipa nini?"

Nikamwambia, "Ayni hailipwi, mwanangu, inarudishwa. Siku moja mtu wa huku juu atashuka kwenu Lima. Hatajua kuvuka barabara, au ataongea vibaya kwenye basi, na watu watamcheka. Simama. Sema kosa ni lako, hukumwonyesha. Hapo tutakuwa sawa."

Hakuandika. Alisema, "Bibi yangu alikuwa anangoja mtu wa namna hiyo maisha yake yote." Tukakaa mpaka moto ukafifia. Asubuhi nikamfungia chunyo kwenye kitambaa cha Nazario. Alikinusa kwanza.

9 Agosti

Nimeamka alfajiri, nimefungua mlango, uwanja wote mweupe. Nikajisikia nasema kwa sauti, "Usifunike, mwanangu. Hii ni jalidi. Tazama meno yake."

Mbwa akanitazama. Nikamweleza yeye.